Tunawapa vyeo wanaokariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wahadhiri tunalisema sana kwenye korido, tukiingia kwenye vikao tunanyamaza. Nafundisha falsafa chuo kikuu hapa Dar es Salaam na kazi hii naipenda. Ndiyo maana ninayoyaona kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu yananiumiza.

Katika miaka ya 1970 mwanafalsafa wa Kenya, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianza kuwafuata wazee vijijini na kuwahoji kwa lugha zao juu ya Mungu, haki, kifo na usawa wa watu. Enzi zile wasomi wengi waliamini kwamba Waafrika tuna methali na mila, lakini hatuna mtu anayekaa chini akafikiri mwenyewe. Oruka akatofautisha wazee wa aina mbili. Kuna waliozijua mila na kuzieleza kama walivyozipokea. Hao aliwaheshimu, ila hakuwaita wanafalsafa. Na kuna waliozijua vilevile, kisha wakazipima, wakazikataa pale zilipokosa sababu. Mzee Paul Mbuya Akoko, kwa mfano, alisema Wajaluo wenzake walikosea kudhani Mungu wao si yule wa watu wengine, kwa sababu miungu ingekuwa mingi ingegombana na maumbile yote yangevurugika. Unaweza kumpinga mzee yule. Lakini ile ni hoja, na ameifikia kwa akili yake mwenyewe.

Kipimo hicho tukikileta vyuoni leo, ni wangapi kati yetu tutavuka? Mhadhiri anapanda cheo kwa idadi ya makala, na makala yenye thamani kubwa ni ile iliyotoka kwenye jarida la nje. Basi anachagua swali litakalompendeza mhariri wa huko, si lile linalowasumbua watu wa Kariakoo au Sumbawanga. Marehemu Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin aliyefariki mwaka 2024, aliutumia muda mrefu wa maisha yake akionya juu ya hili: sisi tunakusanya malighafi ya elimu, wenye kuipa maana wako ng'ambo, kisha tunainunua tena ikiwa nadharia. Alionya tangu siku nyingi, na bado tunawahesabia watu pointi kwa mtindo uleule.

Niliwahi kusoma tasnifu ya mwanafunzi mmoja iliyorudishwa na msimamizi wake. Alikuwa anaandika juu ya deni la mtoto kwa wazazi wake. Katikati ya sura ya pili, baada ya kurasa nyingi za fulani kasema hivi na fulani kasema vile, aliweka aya moja ya kwake. Alidai kwamba deni linalolipika si deni la mzazi, kwa hiyo mzazi anayedai kulipwa amegeuka mkopeshaji. Aya ile ilinisimamisha. Pembeni yake kulikuwa na kalamu nyekundu: "Chanzo?" Chanzo kilikuwa yeye! Toleo lililofuata aya haikuwepo tena, mahali pake pamewekwa nukuu ya profesa wa Ulaya iliyosema jambo dogo kuliko lile.

Nakubali kwamba mwanafunzi lazima asome wenzake na ataje alikotoa mawazo. Wizi wa maandishi ni uovu na tuupige vita. Lakini mtu akiambiwa mwaka hadi mwaka kwamba wazo lake si kitu mpaka mgeni alitamke kwanza, hatimaye anaacha kuiamini akili yake, na hasara hiyo haiishii kwenye tasnifu. Namwona anashindwa kuamua hata mambo yake ya nyumbani. Anaanza kukwepa harusi na misiba kwa kuogopa swali la "unamaliza lini?" Mama akipiga simu anaambiwa bado kidogo, na mama naye kijijini ameshaanza kuwaambia majirani kwamba mwanangu ni daktari. Msimamizi amekaa na sura ya tatu miezi na miezi, na kumkumbusha ni kumkosea adabu. Usiku mtu huyu halali.

Akisema anaumwa, anaambiwa apige moyo konde, au aende kuombewa. Siidharau dua hata kidogo, nami naomba. Ila huzuni hii sehemu yake tumeitengeneza sisi kwa taratibu zetu, na tunachokitengeneza tunaweza kukitengua. Kumtuma mtu kwa mshauri nasaha kisha kumrudisha kwenye utaratibu uleule uliomvunja hakutoshi.

Na kuna walio katika hali mbaya kuliko huzuni. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinasema mtu anayejaribu kujiua ametenda kosa. Sheria hiyo tumeirithi kwa Waingereza, nao kwao walikwishaiondoa mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na katiba yao. Kijana aliyefika ukingoni atamwambiaje mhadhiri wake, ikiwa kusema kwamba alijaribu ni kukiri jinai? Wabunge wetu wakifute.

Kwa upande wa vyuo, naomba mambo ambayo hayahitaji fedha za wafadhili. Sura ikiwasilishwa, iwe na tarehe ya kurudishwa, na msimamizi anayeipita aulizwe na idara, asiachiwe mwanafunzi kumuuliza. Kila tasnifu iwe na sura ambayo mwandishi anatetea dai lake mwenyewe, na mtahini atoe alama kwa hoja. Makala na vitabu vya Kiswahili vihesabiwe sawa katika kupandisha vyeo. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wanaandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili, hivyo asiniambie mtu kwamba lugha haibebi elimu ya juu. Na utetezi wa tasnifu ufanyike siku moja moja kwa lugha ambayo wazazi wa mtahiniwa wanaielewa, milango ikiwa wazi, mama wa kijijini aje akae mbele na akitaka kuuliza swali aulize. Mimi niko tayari kuanza na wanafunzi wangu, idara ikiniruhusu.

Mhadhiri wa Falsafa,
Dar es Salaam