Wauguzi wapya, msione haya kumsomea daktari maneno yake

Wanangu mnaoanza zamu,

Nimestaafu, lakini usiku bado nashtuka saa za kugawa dawa. Mwili haujapata habari kwamba kazi imekwisha.

Mwaka wangu wa kwanza, daktari wa zamu aliniagiza kwa simu nitoe insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini. Nikasikia yuniti 50. Nikavuta dawa mpaka katikati ya sindano ya yuniti 100, nikaiinua kwenye taa, mkono ukakataa. Mgonjwa alikuwa bibi mwembamba, na sahani yake ya jioni ilikuwa bado imejaa. Niliizunguka meza mara mbili nikiogopa kumwamsha daktari tena. Nilipompigia aling'aka: "Sista, nimesema kumi na tano!" Mara ya kwanza alikuwa ametaja kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza 15 na 50 ni mapacha sikioni. Hakuniomba radhi, wala sikuihitaji.

Andika kwanza, ndipo usome. Wengi hurudia walichosikia kisha mkono ukaandika kingine. Shika kalamu daktari anapoongea: jina la mgonjwa, dawa, kipimo, njia, mara ngapi. Msomee kutoka kwenye karatasi, na usikate simu mpaka aitikie. Tarakimu zitaje moja moja: moja, tano. Dawa zenye majina yanayofanana, kama dopamini na dobutamini, zitaje herufi kwa herufi. Yuniti iandike neno zima, maana U ya harakaharaka husomeka sifuri, 10 ikawa 100. Nusu miligramu ni 0.5, ukiandika .5, nukta ikififia mwenzako atatoa 5. Na muda uandike kwa mtindo wa saa 24, kwa sababu "saa mbili" ya mdomoni kila mtu ana yake.

Agizo la mdomo lina mahali pake: mgonjwa anafufuliwa, au mikono ya daktari imo ndani ya upasuaji. Hapo sema kwa sauti, "Adrenalini miligramu 1, natoa," kisha "imeingia," na mwenzako aandike saa. Daktari aliyesimama mlangoni anakutajia dawa huku faili liko mezani, mpe kalamu. Dawa za saratani mimi sikuzipokea kwa mdomo hata siku moja, abembeleze asibembeleze.

Sasa kumsemea mgonjwa. "Naona kama hayuko sawa" haimwamshi mtu. Sema hivi: "Daktari, kitanda cha nne, siku ya kwanza baada ya upasuaji. Mapigo yalikuwa 88, sasa 124. Presha imeshuka kutoka 120/75 hadi 92/50. Nahofia anavuja damu ndani. Naomba uje sasa." Akikujibu uendelee kumwangalia, rudia hofu yako mara moja, kwa heshima ileile. Asipokuja, mwite msimamizi wa zamu, naye ampigie bingwa. Andika uliyempigia, saa, na alichojibu. Dawa ambayo mgonjwa ana mzio nayo usiitoe, hata agizo likirudiwa mara tatu.

Mtaitwa wajuaji. Mimi niliitwa hivyo kwenye wodi mbili, na walioniita ndio waliokuja baadaye kuniomba nikawaangalizie wazazi wao.

Asubuhi, daktari asaini agizo lake la usiku kabla hajaanza kuzunguka wodi. Mkimwachia mpaka mchana atakuwa amesahau, na faili litabaki na mwandiko wako peke yako.

Mama yenu, muuguzi mstaafu