Kwa wanafunzi wa uuguzi wa Mombasa: mzee naye ana chanjo zake

Wanangu mnaosomea uuguzi hapa Mombasa,

Salamu zangu ziwafikie mkiwa wazima. Kazi hii niliifanya mpaka nikastaafu, na siku hizi ni mimi ninayekaa kwenye benchi la kliniki ya presha nikingoja kuitwa. Nawaona mnavyokuja kwa mafunzo ya vitendo, na nawapenda. Ndiyo maana naandika.

Mkiulizwa ratiba ya chanjo za mtoto, hamsiti: BCG, yaani ya kifua kikuu, na polio anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua mwezi wa 9 na wa 18. Mkiulizwa za mzee wa miaka 70, wengi mnanyamaza. Siwalaumu sana. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza mwaka 1980 kwa ajili ya watoto, na mafundisho yakafuata njia hiyo. Lakini wodi mtakazofanyia kazi zimejaa wazee, na ni wajibu wenu kujua.

Linaloniuma zaidi ni neno ninalolisikia likisemwa, tena bila ubaya: "Huyu ameshakula chumvi nyingi, chanjo ya nini tena?" Wanangu, ni kwa sababu ya umri huo huo. Kinga ya mwili hupungua kadiri miaka inavyosonga. Mafua makali yanayokulaza wewe siku mbili tatu, mzee mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo yanaweza kumshusha hadi nimonia, na hata kumletea mshtuko wa moyo. Mkanda wa jeshi nao hutokana na virusi vya tetekuwanga ya utotoni, vilivyojificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote hiyo. Vidonda hupona, maumivu yakabaki kwa miezi. Nimeona watu wazima wakishindwa kuvaa shati. Chanjo yake ipo, dozi mbili, kwa walio na miaka 50 na zaidi. Ya nimonia ipo. Ya mafua hurudiwa kila mwaka, maana virusi vyake hubadilika. Someni pia habari za pepopunda na za Korona.

Na msiniambie wazee wa Pwani wanaogopa sindano. Kila mwaka mahujaji wetu, wengi wao watu wa makamo na wazee, hudungwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa kuwa Saudia inaitaka, na inapaswa kudungwa angalau siku 10 kabla ya kufika huko. Wanakwenda wenyewe, na cheti wanakitunza pamoja na pasipoti. Walielezwa mapema, na watu wanaowaamini. Basi na nyinyi muwe watu wa kuaminiwa.

Mzee akiingia, mpe shikamoo yake, mkalishe, halafu umuulize amewahi kudungwa chanjo gani ukubwani. Akikwambia sindano ya mafua ndiyo inayoleta mafua, usimcheke wala usimkemee. Mweleze kwamba ndani yake hamna virusi hai, kwamba mkono utauma na huenda akapata homa ndogo ya siku moja au mbili, na kwamba kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hivyo anaweza kuugua katikati kwa sababu nyingine. Usimuahidi kuwa hataugua kamwe. Mwambie kweli, kwamba inapunguza hatari ya kulazwa na ya kufa.

Kuhusu pesa, nyingi kati ya chanjo hizi mzee hulipia mwenyewe. Mtajie bei kabla hajapanga foleni, na ikiwa mwanawe ndiye mlipaji, mzungumze naye pia, lakini uamuzi uwe wa mzee mwenyewe.

Nyinyi wenyewe je? Ile ya homa ya ini B msiifanyie mchezo. Ya mafua pia mkiipata, mdungwe, kwa sababu mwili wa mzee haujengi kinga kama wenu, na mnapita kitanda hadi kitanda mkimgusa kila mmoja.

Ombeni walimu wenu somo hili lipewe nafasi. Na mkimdunga mzee, andikeni jina la chanjo na tarehe kwenye daftari lake la kliniki, kwa herufi zinazosomeka, ili atakayemwona mwakani ajue pa kuanzia.

Ni mimi mama yenu,
Muuguzi mstaafu, Mombasa