Mikahawa ya majengo ya kale isimulie historia nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu mikahawa ya kifahari inayowavutia wateja kwa ukongwe wa majengo yake.

Hivi majuzi nilialikwa chakula cha jioni katika mkahawa mmoja wa aina hiyo hapa Nairobi. Chakula kilikuwa kitamu na wahudumu walitukirimu kwa adabu ya kusifiwa. Hata hivyo, maelezo ya historia yaliyochapishwa mwanzoni mwa menyu yaliwataja wawindaji, walowezi na wageni mashuhuri wa kutoka Uingereza pekee. Wapishi na watumishi Waafrika, ambao enzi za ukoloni walibeba kipande, yaani kitambulisho cha lazima, kila waendako na kuandaa meza ambazo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuketi, hawakupewa hata sentensi moja.

Ukimya huu unaniuma kwa sababu historia yenyewe inajulikana. Kwa mfano, Hoteli ya Norfolk ya hapa Nairobi, iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, iko kando ya barabara yenye jina la mwanaharakati Harry Thuku. Mnamo Machi 16, 1922, umati ulikusanyika katika kituo cha polisi kilicho karibu na hoteli hiyo ukidai Thuku, aliyekuwa amepinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara, aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliokuwa wakisitasita, umati ukasonga mbele, na askari wakafyatua risasi. Wanahistoria wameandika kwamba walowezi waliokuwa katika veranda ya hoteli nao walifyatua. Kwa hesabu ya serikali ya kikoloni, waliouawa walikuwa 21. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Majengo haya yanastahili kutunzwa, na nakubali kwamba biashara ya chakula ndiyo inayogharamia ukarabati wake. Lakini mteja anayetozwa bei ya juu kwa sababu ya historia ana haki ya kuipata yote. Wamiliki wapekue nyaraka za Kumbukumbu za Kitaifa pale Moi Avenue, washauriane na Makavazi ya Kitaifa, kisha wachapishe maelezo kamili, kwa Kiswahili pia. Wawatafute vilevile wapishi wao waliostaafu na kuyaandika masimulizi yao wangali hai. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, na inaweza kuanza mara menyu zitakapochapishwa upya.

Msomaji wako,
Nairobi