Mijakaranda ya Milimani inakwisha

Mhariri,

Nilizaliwa Milimani, Nakuru, na ningali naishi papa hapa chini ya mlima wa volkano wa Menengai. Utotoni mwangu nyumba zilikuwa za chini, paa za vigae, ua wa michongoma, na nyuma shamba dogo la sukumawiki. Mijakaranda ikichanua, barabara nzima hugeuka zambarau. Tulikuwa tukikanyaga maua makusudi ili tuyasikie yakipasuka, kisha mama atugombeze kwa kuingia na viatu vinavyonata.

Tangu Nakuru iwe jiji Desemba 2021, naona kila ploti inayouzwa inaota ghorofa. Watu wanahitaji makao, hilo sipingi. Kinachoniuma ni msumeno kutangulia. Juzi ploti jirani ilifyekwa asubuhi. Kufikia saa nane mijakaranda aliyoikuta marehemu babu ilikuwa kuni. Na udongo wetu huu wa volkano ni mwepesi. Bila mizizi ya miti kuushika, mvua ikinyesha unateremka kuelekea mjini.

Naiomba serikali ya kaunti isiidhinishe ramani ya jengo isiyoonyesha miti itakayobaki. Kando ya barabara, ambako ni ardhi ya umma, ipande mingine mvua za Machi zikianza.

Mkazi wa Milimani,
Nakuru