Asilimia 36 si kufeli

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile ripoti ya juma lililopita kuhusu chanjo ya malaria siwezi kuinyamazia. Mwandishi wenu ameokota takwimu moja, asilimia 36, akaifanya ushahidi kwamba wanasayansi wanawachezea watoto wetu.

Majaribio ya chanjo hiyo yalifanyika huku kwetu Kombewa, na Siaya pia, kuanzia 2009. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki katika nchi saba za Afrika. Waliopewa dozi nne, wakianza wakiwa na miezi 5 hadi 17, visa vyao vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 kwa muda wa miaka minne hivi. Kwa mtoto wa huku, anayeugua mara kwa mara, hiyo ni nafuu kubwa. Na takwimu yenyewe ilitolewa na nani? Watafiti hao hao! Ndio pia waliotangaza kwamba homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na kwamba vifo vya wasichana waliochanjwa viliwatia wasiwasi. Hawakuficha. Kuanzia 2019 chanjo ikafuatiliwa upya Malawi, Ghana na Kenya, hatari hizo hazikuonekana, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Naiamini kwa sababu hiyo, na naiamini kwa kiwango hicho: inapunguza, haimalizi. Neti kwangu haishuki kitandani.

Sasa mkaza mwanangu amerudi kutoka kliniki bila mtoto kuchanjwa. Kwenye kijitabu, dozi tatu zimejazwa kwa kalamu ya bluu, nafasi ya nne ni tupu, na ndani amekunja kipande cha gazeti lenu. "Mama, wameandika haifanyi kazi." Nimekaa naye hadi usiku nikimweleza. Wasio na wa kuwaeleza je?

Tena ukurasa unaofuata mmechapa tangazo la dawa ya chupa inayodaiwa kutibu malaria, presha na kisukari kwa mpigo. Hiyo hamkuuliza imejaribiwa kwa nani. Redio nazo hurudia uongo huo tangu alfajiri, na wagonjwa wanauza kuku kuinunua.

Wekeni kisanduku chini ya kila habari ya dawa: walijaribiwa wangapi, kwa muda gani, nani alilipia, madhara gani yalionekana. Mwenye tangazo ajaze hicho hicho. Akishindwa, mrudishieni pesa zake. Na mwandishi wenu aje Kombewa siku ya kliniki, aketi benchini na akina mama, kabla hajaandika tena.

Nyanya wa watoto watano,
Kombewa, Kisumu