Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: miti mizee nayo ihesabiwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Gede, Kilifi, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke.

Wiki iliyopita nilikuta kisiki cha mbambakofi msituni. Unga wa msumeno ulikuwa bado na unyevu. Kando yake lilikuwapo ganda lililopasuka, na ndani mbegu zile nyeusi zenye kofia nyekundu tulizozichezea utotoni. Mti ule babu yangu aliukuta ukiwa mkubwa tayari. Nilikaa pale kitambo, nikashindwa kuondoka.

Novemba 13, 2023 Serikali ilitupa siku ya mapumziko ili tupande miti. Nilipanda, na lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032 naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini miche tuliyoletewa ilikuwa mivinje, mikaratusi na miarobaini. Mwarobaini ni dawa, sikatai, ila ukishaingia msituni huku Pwani huenea na kuisonga miti ya asili.

Mheshimiwa, mtazame sange wetu, yule mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu. Hufukua kishimo, akatandika majani makavu, akajifunika mengine juu, akalala. Ukimwondolea majani yanayodondoka msituni, umembomolea nyumba. Hondohondo naye hutaga ndani ya shimo la mti. Jike hujiziba humo, ukabaki ufa mwembamba wa dume kumpitishia chakula. Mche wa mwaka jana utampa shimo gani? Na bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi kimo cha shubiri moja, duniani kote anaishi huku kwetu na kwenye misitu ya Usambara, Tanzania, basi.

Muhugu tumeshaumaliza kwa vinyago. Mbambakofi unafuata, na mrihi unaishia kwenye magunia ya makaa.

Sisemi watu wasile. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo, hapa hapa Gede, umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa wake ng'ambo. Mkulima anayepata karo kwa kipepeo ana sababu ya kuulinda mti ambao kipepeo huyo anautegemea.

Ninachoomba ni hiki. Miche ya Pwani inunuliwe kwa vikundi vya akina mama na vijana wanaoishi kando ya msitu, nayo iwe mibambakofi, mirihi na mihugu, hata kama inachelewa kukua. Walinzi wa msitu waongezwe, hasa wa doria za usiku. Na kila mnapotutangazia idadi ya miti iliyopandwa, tutangazieni pia mikubwa mingapi imekatwa mwaka huo.

Zile mbegu niliziokota, kumi na moja. Nimezipanda kwenye mikebe nyuma ya nyumba. Tafadhali njoo nikupeleke ukakione kile kisiki, kabla vichaka havijakifunika.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Gede