Kwa nini ukoo ukutane msibani tu?

Mhariri,

Binti yangu ameolewa Utah, Marekani, katika familia ya Wamormoni, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Julai iliyopita walinialika kwenye mkutano wa ukoo wao kando ya ziwa Bear, mpakani na Idaho. Chai na kahawa ni mwiko wa dini yao. Mimi wakanichemshia maziwa kwa tangawizi.

Kilichonigusa ni karatasi ndefu iliyotandazwa mezani, yenye majina ya mababu hadi wale waliovuka nyika kwa mikokoteni wakimfuata Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni wakati huo, aliyeingia Bonde la Salt Lake tarehe 24 Julai 1847. Siku hiyo Utah huisherehekea hadi leo. Mtoto mdogo, vidole vyekundu kwa rasiberi, alinionyesha jina la bibi mmoja akanieleza mahali alipomzika mwanawe njiani. Wanaamini familia haivunjwi na kifo, ndiyo maana hawachoki kuwatafuta waliotangulia.

Tarehe ya mkutano hupangwa mapema na kila nyumba huchanga. Jumatatu jioni ni ya wazazi na watoto wao. Krismasi wajukuu huigiza kuzaliwa kwa Yesu.

Mimi ni Mwislamu na nitabaki Mwislamu. Lakini sisi ukoo hutimia msibani tu, wakati michango na kamati za harusi tunaziweza sana! Nawasihi wazee watenge siku, hata Idi Pili. Sisi yetu itakuwa Pangani, na shangazi yetu mkubwa, anayekumbuka majina kuliko sote, ndiye atakayezungumza kwanza.

Mama Msomaji,
Tanga